Sauti Ni ya Nani? Uhakiki wa Fallen (2003), Albamu ya Kwanza ya Bendi ya Evanescence

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Fallen (2003), albamu ya kwanza ya studio ya bendi ya Evanescence kutoka Marekani, ambayo ni mojawapo ya kazi zilizopata wasikilizaji wengi zaidi katika mkondo wa pop na roki yenye mandhari ya giza. Hoja kuu ni kwamba mgogoro mkubwa wa albamu hii, yaani nani mwenye haki ya kusikika ndani yake, haumo katika maneno ya nyimbo bali katika sauti zinazoyaimba. Kwa sababu hiyo, uhakiki unaosoma maneno yaliyochapwa peke yake hauwezi kuuona. Makala yanachunguza mambo matatu: msamiati wa huzuni, motifu ya usingizi na kuamka, na sauti ya mwanamume iliyoingizwa katika wimbo wa "Bring Me to Life". Inabainika kwamba albamu ina umoja wa kimaudhui kuliko inavyodhaniwa, na kwamba sauti hiyo ya mgeni ilibadilisha maana ya wimbo bila kubadilisha mantiki ya maneno yake. Makala yanapendekeza kwamba uhakiki wa nyimbo katika Kiswahili uirejeshe sauti katika dhana ya fani, na kwamba watunga sera wa sanaa walitazame suala la sauti kama suala la haki ya msanii.

Maneno makuu: sauti, fani, giza, majibizano, albamu ya kwanza, haki ya msanii

1.0 Utangulizi

Tarehe 4 Machi 2003 kampuni ya Wind-up Records ilitoa albamu yenye nyimbo 11 ya bendi iliyoanzia Little Rock, mji mkuu wa jimbo la Arkansas. Kwenye jalada lake palikuwa na uso wa mwanamke mmoja, Amy Lee, ukiwa umefunikwa na rangi ya buluu iliyopauka. Lee alikuwa na umri wa miaka 21. Katika mwaka uleule nyimbo zake mbili, "Bring Me to Life" na "My Immortal", zilisikika katika redio za mabara kadhaa. Na katika sherehe za Grammy za mwaka 2004 bendi ilitunukiwa tuzo mbili, ikiwamo ya msanii bora mpya. Mwezi Novemba 2022 chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani, RIAA, kiliipa albamu hiyo hadhi ya almasi, ambayo hutolewa kwa kazi iliyofikia kipimo cha mauzo ya nakala milioni 10 nchini humo.

Mafanikio ya namna hiyo huwafanya wahakiki wachague mojawapo ya njia mbili zilizo rahisi. Njia ya kwanza ni kuidharau kazi kwa hoja kwamba kinachopendwa na wengi hakiwezi kuwa na kina. Ya pili ni kuyageuza mauzo kuwa ushahidi wa ubora. Makala haya hayafuati yoyote kati ya njia hizo. Yanauliza swali dogo zaidi, ambalo jibu lake lina uzito: katika albamu ambayo kila wimbo unasimuliwa na nafsi ya kwanza, nafsi hiyo ni ya nani, na nani aliyeamua isikike vipi?

Swali hili linauhusu pia uhakiki wa Kiswahili wenyewe. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliufanya uimbikaji kuwa sharti la shairi. Mapokeo hayo yalisisitiza kwamba utungo huishi katika koo la mwimbaji. Hata hivyo, uhakiki wetu wa nyimbo zilizorekodiwa mara nyingi huanza kwa kuandika maneno ya wimbo karatasini, kuyagawa katika fani na maudhui, kisha kuorodhesha sitiari, takriri na dhamira. Mwimbaji akishaondolewa, kinachobaki huhakikiwa kana kwamba hakijawahi kuimbwa. Fallen inaufichua upungufu huo waziwazi, kwa sababu lililo zito zaidi ndani yake halisomeki. Husikika tu.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uchambuzi umeongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Roland Barthes, ambaye katika insha yake ya mwaka 1972 kuhusu uimbaji alieleza kwamba ndani ya sauti inayoimba kuna mwili: koo, pumzi, ulimi na umri wa anayeimba, vitu ambavyo havimo katika maneno wala katika nota. La pili limetokana na utendaji wa nyimbo katika jamii zetu, ambamo wimbo wa kupokezana huwa na mtoaji na waitikiaji. Katika mpangilio huo kila sauti ina wadhifa wake. Mtoaji huanzisha, waitikiaji humthibitisha. Na msikilizaji hutambua mwenye wimbo ni nani hata kabla ya kuyaelewa maneno.

Kwa kuunganisha mawazo hayo, makala yanaichukulia sauti kuwa kipengele cha fani chenye hadhi sawa na taswira au muundo. Nyimbo zote 11 zimezingatiwa, lakini mjadala unakaa zaidi katika zile ambamo uhusiano wa sauti na maana ni mzito.

3.0 Kutoka Kambi ya Vijana hadi Studio

Amy Lee na mpiga gitaa Ben Moody walikutana mwaka 1994 katika kambi ya vijana, Moody alipomsikia Lee akipiga piano. Ushirikiano wao ulianza wakiwa bado vijana wadogo, na kwa miaka kadhaa ulikuwa wa kutunga na kurekodi zaidi kuliko wa kupanda jukwaani. Mkusanyiko wao wa Origin (2000) ulitoka kwa nakala chache na hauhesabiwi na bendi kuwa albamu kamili. David Hodges, mpiga kinanda aliyeshiriki kutunga nyimbo nyingi za Fallen, aliondoka kabla albamu haijatoka. Moody naye aliondoka Oktoba 2003, bendi ikiwa katikati ya ziara ya Ulaya. Kwa hiyo albamu inayobeba jina la bendi ni kazi ya kundi ambalo lilikuwa limekwisha kutawanyika wakati tuzo zake zinatolewa.

Utayarishaji ulisimamiwa na Dave Fortman. Mfumo wa sauti alioujenga ndio uliowapa wasikilizaji alama ya kuitambua bendi: piano inayoanza peke yake, sauti ya mwanamke iliyo karibu na kipaza sauti, kisha magitaa mazito yanayoingia kwa ghafla, na nyuma yake ala za nyuzi pamoja na kwaya. Ala za nyuzi katika sehemu kubwa ya albamu zilipangwa na David Campbell. Katika mchanganyiko huo roki nzito, wimbo wa pop na muziki wa kanisani vinakutana bila kimojawapo kuvimeza vingine.

Mkutano huo ulizua swali la uainishaji. Albamu iliuzwa pia katika maduka ya muziki wa Kikristo, hadi Aprili 2003 kampuni ilipoomba iondolewe humo baada ya wanabendi kueleza katika mahojiano kwamba hawakutaka kuwekwa katika kundi hilo. Wengine waliiita metali, wengine wakaiita muziki wa kigothi, na wengine pop. Kila jina lilikuwa na rafu yake dukani, na kila rafu ilikuwa na matarajio kuhusu sauti inayostahili kusikika. Tarajio moja ndilo lililozaa mgogoro unaojadiliwa katika sehemu ya sita.

4.0 Msamiati wa Giza

Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili hukutana na tatizo la istilahi tangu sentensi ya kwanza. Neno giza, linapotumika kwa maana ya sitiari, kwa kawaida huelekea upande wa ujinga, hatari au kutojulikana kwa mambo. Mtu aliyeachwa gizani ni mtu aliyenyimwa habari. Muziki wa giza, kwa masikio ya mtumiaji wa Kiswahili, unaweza kueleweka kuwa muziki wa uovu. Lakini katika Fallen giza lina kazi nyingine: ni mahali ambapo hisia zisizokubalika mchana hupewa ruhusa ya kusemwa. Tafsiri ya neno kwa neno inampotosha msomaji kabla hajasikia hata noti moja.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina hazina ya maneno ya huzuni inayoweza kuigawa albamu hii kwa usahihi kuliko jina la jumla la giza. "Hello" ni wimbo wa kihoro, yaani huzuni ya kufiwa inayomkumba mtu mwili na akili. Lee ameeleza hadharani kwamba wimbo huo unamhusu mdogo wake wa kike aliyefariki Lee akiwa bado mtoto. "My Immortal" ni wimbo wa ukiwa: aliyeondoka hayupo, lakini kutokuwapo kwake kumejaza nyumba. "Going Under" hauna kihoro wala ukiwa. Una uchungu, ule unaoandamana na hasira ya mtu aliyedanganywa na kuumizwa kwa muda mrefu. "Haunted" umejengwa juu ya hofu ya kuandamwa. "Everybody's Fool" ni shutuma dhidi ya taswira za uongo za wanawake wanaouzwa kama wasanii wakamilifu.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa tathmini. Lawama inayosikika mara kwa mara dhidi ya albamu za mkondo huu ni kwamba zina hisia moja iliyorudiwarudiwa. Kwa msamiati wa lugha inayoziita hisia zote hizo kwa jina moja, lawama hiyo inaonekana kweli. Kwa msamiati unaokitenga kihoro na ukiwa, na ukiwa na uchungu, inadhihirika kwamba msikilizaji anapitishwa katika hali tofauti, na kwamba Lee habadilishi maneno tu bali pia namna ya kuvuta pumzi. Katika "Hello" sauti yake ni ndogo, haina mtetemo mkubwa, na haifuatwi na mngurumo wa magitaa. Katika "Going Under" inasukumwa kutoka kifuani na kukatwa kwa ukali mwishoni mwa vishazi. Huo ni ushahidi wa fani, nao haumo karatasini.

5.0 Usingizi na Kuamka

Umoja wa kimaudhui wa Fallen unaonekana vizuri zaidi mtu anapofuatilia motifu ya usingizi. Motifu hii inajitokeza katika nyimbo kadhaa, na kila inapojitokeza inachukua maana nyingine.

Katika "Bring Me to Life" usingizi ni kifo cha ndani. Nafsi inayoimba inatembea na kufanya kazi, lakini imekufa ganzi, na inaomba iitwe kwa jina lake ili iamke. Lee amesimulia kwamba wazo la wimbo lilitokana na swali la mtu aliyemfahamu kwa juujuu tu, aliyemuuliza kama ana furaha. Alipojibu kwamba ana furaha, alitambua kuwa amesema uongo, na kwamba muulizaji alikuwa ameuona uongo huo. Habari hii ni muhimu kwa ufasiri. Kinachoamsha katika chimbuko la wimbo si nguvu ya mwokozi bali ni swali la mtu mtulivu aliyekuwa tayari kusikiliza jibu.

Katika "Imaginary" maana inageuka. Usingizi sasa ni hifadhi. Nafsi imejijengea ulimwengu wake akilini, na kinachotisha ni kuamshwa. Anayeusikiliza wimbo huu peke yake anaweza kuuona kuwa wa kitoto, sifa ya njozi zisizo na madhara. Anayeusikiliza baada ya "Bring Me to Life" anagundua kwamba nafsi ileile iliyoomba kuamshwa inajuta gharama ya kuamka.

Katika "Hello" motifu inafika mahali pake pa uchungu zaidi. Mtoto aliyefiwa, katika mazingira ya shule, anajaribu kushikilia imani kwamba alichoambiwa ni ndoto ambayo ataamka na kuiacha. Hapa usingizi haulindi wala hauui. Ni ukanaji wa kifo. Msikilizaji anajua, na mtoto ndani ya wimbo karibu anajua, kwamba yu macho tayari. Wimbo hauwezi kwenda popote baada ya hapo, wala haujaribu. Unaishia pale piano inapoishia.

Kisha albamu inafungwa na "Whisper", ambamo makatazo yanafuatana: kutogeuka, kutojificha, kutofumba macho. Kwaya inayoimba Kilatini inaubeba mwisho. Baada ya usingizi ulio kifo, usingizi ulio hifadhi na usingizi ulio ukanaji, albamu inamwacha mtu akiwa ameamriwa kutazama. Mpangilio huu si wa ngano yenye mwisho mwema, kwa sababu kinachotazamwa hakijaondolewa hofu yake. Lakini ni safari yenye mantiki, na inatosha kukanusha dai kwamba albamu ni mrundikano wa nyimbo za majonzi zisizohusiana.

6.0 Sauti ya Mgeni

Kwa maelezo ambayo Lee ameyarudia katika mahojiano kadhaa, kampuni ilitaka sauti ya mwanamume iwe sehemu ya kudumu ya bendi. Mantiki yake ilikuwa ya kibiashara. Redio za roki za Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitawaliwa na bendi za wanaume, nyingi zikichanganya magitaa mazito na rapu, na iliaminika kwamba bendi inayoongozwa na sauti ya mwanamke pekee isingepewa nafasi. Bendi ilikataa. Maafikiano yaliyofikiwa ni kwamba sauti hiyo iwekwe katika wimbo mmoja, ule wa kwanza wa kuitangaza albamu. Ndivyo Paul McCoy wa bendi ya 12 Stones, iliyokuwa chini ya kampuni hiyohiyo, alivyoingia katika "Bring Me to Life".

Methali ya Waswahili humkaribisha mgeni ili mwenyeji apone. Katika wimbo unaohusu kuponywa, mgeni huyu hakualikwa na mwenyeji. Swali la mhakiki ni kama uwepo wake ulibadilisha chochote katika kazi yenyewe, au kama mgogoro huu ni habari ya nyuma ya pazia isiyouhusu wimbo.

Maneno ya kiitikio yanatoa jibu la kwanza, nalo ni la kushangaza. Sauti ya mwanamume inatangulia kwa kishazi kifupi cha ombi, ya mwanamke inafuata na kukikamilisha. Ya mwanamume inarudi na kukiri kutoweza, ya mwanamke inaendelea na ombi lake. Sauti zote mbili zinatumia nafsi ya kwanza. Kimantiki, mwanamume huyo si mwokozi. Yeye pia amelala, yeye pia anaomba. Mwanafunzi akipewa maneno hayo karatasini, bila kuambiwa nani anaimba nini, atahitimisha kwamba mnenaji ni mmoja anayejirudia, au kwamba ni wanenaji wawili wenye hali moja. Hakuna kiambishi wala kiwakilishi kinachoonyesha jinsia. Wimbo huo ukifasiriwa kwa Kiswahili hali itabaki vilevile, kwa kuwa viambishi vyetu vya nafsi havitofautishi mwanamume na mwanamke.

Masikioni, hata hivyo, mambo ni mengine. Sauti ya McCoy ni ya kupaza, ina mkwaruzo, na inaingia wakati uleule magitaa yanapoingia. Kwa hiyo inasikika kuwa upande mmoja na nguvu, wakati sauti ya Lee, iliyoanza na piano, inasikika kuwa upande wa unyonge. Msikilizaji aliyezoea mpangilio wa mtoaji na waitikiaji ataona tofauti hii mara moja: anayetangulia ndiye mwenye wimbo. Katika kiitikio hiki mgeni ndiye anayetoa, na mwenyeji ndiye anayepokea, ijapokuwa sentensi zenye maana kamili ziko kwa mwenyeji, na vishazi vya mgeni haviwezi kusimama peke yake. Hivyo fani ya sauti inasema jambo ambalo maneno hayasemi: kwamba mwanamke amelala na mwanamume amekuja kumwamsha. Swali tulivu lililouzaa wimbo limegeuka kuwa kelele.

Ushahidi wa pili unatokana na wimbo wenyewe katika umbo la baadaye. Katika albamu ya Synthesis (2017), ambayo bendi ilizirekodi upya nyimbo zake nyingi kwa okestra na ala za kielektroniki, sehemu ya sauti ya mwanamume haimo. Lee anaimba peke yake. Majibizano yamekuwa mazungumzo nafsi, na pale palipokuwa na vishazi vya mgeni pana nafasi iliyoachwa kwa ala. Wimbo haukuanguka. Ombi la kuamshwa sasa linasikika likitoka kwa mtu anayejisemesha, na giza linaloombwa liondoke linasikika kuwa lake mwenyewe, si chumba ambacho mwingine atakuja kukifungua.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauwezi kuishia kwenye ushindi rahisi wa toleo moja dhidi ya jingine. Toleo la 2003 lina mvutano ambao toleo la 2017 halina. Kugongana kwa sauti mbili kunaupa wimbo hatari, na sehemu ya kati, ambapo sauti hizo zinapishana kwa haraka, ina msisimko ambao okestra haikuufikia. Inawezekana kabisa kwamba uamuzi uliofanywa kwa sababu zisizo za kisanaa ulizaa tokeo lenye thamani ya kisanaa. Jambo linalobaki kuwa tatizo ni kwamba msanii hakuwa na uhuru wa kuamua kama alitaka tokeo hilo. Pia, mantiki ya soko iliyolazimisha uamuzi huo ilikanushwa na soko lenyewe. "My Immortal", wimbo usio na sauti yoyote ya mwanamume, ulifika nafasi ya saba katika chati ya Billboard Hot 100, nafasi mbili tu chini ya "Bring Me to Life" uliofika ya tano. Wasikilizaji walioaminika kuwa wasingeikubali sauti ya mwanamke pekee waliikubali.

7.0 Udhaifu wa Albamu

Kutetea umoja wa Fallen hakumaanishi kufumbia macho kasoro zake. Ya kwanza ni ukinzani wa sauti ndogo na kubwa. Ubeti tulivu unaofuatwa na kiitikio cha kishindo ni mbinu yenye nguvu mara tatu za mwanzo. Ikitumika katika sehemu kubwa ya albamu, msikilizaji huanza kuhesabu sekunde kabla ya magitaa kuingia, na kishindo kinachotarajiwa hakishtui. "Taking Over Me" na "My Last Breath" zinaathirika zaidi, kwa kuwa zinakuja baada ya mbinu hiyo kuchoka.

Kasoro ya pili ni wingi wa mapambo. Kwaya na ala za nyuzi zinaongeza ukubwa, lakini wakati mwingine zinauchukua uchungu wa mtu mmoja na kuugeuza kuwa mandhari ya sinema. Si bahati mbaya kwamba nyimbo mbili za albamu zilikuwa zimekwisha kutumika katika filamu ya Daredevil kabla haijatoka. "Hello" unaonyesha albamu ingeweza kuwa nini kama ingekuwa na ujasiri wa kupunguza. Ndio wimbo mdogo kuliko yote, na ndio unaoumiza kuliko yote.

Kasoro ya tatu ni ya kimaudhui. Anayesemeshwa katika nyimbo nyingi, yaani nafsi ya pili, hana sura. Katika "Hello" na "My Immortal" kutokuwa na sura ni sehemu ya maana, kwa sababu anayesemeshwa hayupo. Katika "Tourniquet" na "Taking Over Me" ni ulegevu wa utunzi, na hisia inabaki ikielea bila mtu wa kuipokea.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Fallen ni albamu ya kwanza yenye kasoro za albamu ya kwanza: inarudia kilichofaulu na inaogopa ukimya. Lakini ina jambo ambalo kazi nyingi zilizokomaa hazina. Inaifuata nafsi moja kupitia aina tofauti za usingizi hadi mahali ambapo haiwezi tena kufumba macho, na inaifuata kwa sauti inayobadilika kulingana na kila aina. Katikati ya safari hiyo kuna sauti iliyowekwa na mwenye soko. Maneno ya wimbo hayakuipa sauti hiyo mamlaka. Mamlaka yake yalitokana na namna ilivyorekodiwa na kupangwa.

Matokeo haya yanaleta mapendekezo matatu. La kwanza linawahusu wahakiki na walimu. Katika nchi zinazopakana na Kenya na Tanzania, ambako wanafunzi wengi hujifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, wimbo ni nyenzo inayopendwa darasani. Wimbo huo usikilizwe kabla ya kusomwa, na maswali kuhusu nani anatoa, nani anaitika na nani amenyamazishwa yatangulie maswali ya sitiari na dhamira. Mapokeo yaliyodai uimbikaji kutoka kwa mshairi yana haki ya kudai usikilizaji kutoka kwa mhakiki.

La pili linawahusu wanaosanifu istilahi. Kiswahili kinahitaji msamiati thabiti wa kuzungumzia muziki uliorekodiwa: umbali wa sauti na kipaza sauti, tabaka za sauti, mpangilio wa ala, tofauti ya toleo na toleo. Msamiati wa hisia tunao tayari, na mjadala wa kihoro na ukiwa umeonyesha kwamba unaweza kufanya kazi ambayo neno giza haliwezi. Msamiati wa sauti bado ni haba, na uhaba huo ndio unaowarudisha wahakiki karatasini.

La tatu linawahusu washauri wa sera za sanaa. Sheria za hakimiliki huulinda utungo na rekodi. Swali la nani atasikika ndani ya rekodi kwa kawaida huachwa kwa mkataba, na mkataba wa albamu ya kwanza husainiwa na msanii wakati ambapo ana uwezo mdogo kuliko wakati wowote mwingine wa kukataa. Lee na Moody walikuwa na umri wa miaka ya ishirini na kidogo walipokataa sharti la kampuni yao, na hata wao walikubali nusu yake. Mikataba ya mfano inayotolewa na mabaraza na vyama vya sanaa ingefaa kuwa na kifungu kinachompa msanii idhini ya mwisho kuhusu sauti zinazoongezwa katika kazi yake. Ilichukua miaka 14 kwa mwenye wimbo kuurekodi upya akiwa peke yake. Msanii ambaye albamu yake ya kwanza haikuuzwa hapati nafasi ya kurekodi toleo la pili.